Hoteli ya Kale na Hadithi za Mizuka

Kati ya filamu zote zilizopata kuonyeshwa duniani, ziko za namna moja ambazo wenye elimu huzidharau mara nyingi, nazo ni filamu za mizuka zilizotengenezwa kwa fedha chache. Tena katika hizo ziko zinazodharauliwa zaidi, maana hazina hata hadithi moja ndefu ya kujivunia. Ni mkusanyo wa hadithi fupi tatu, nne au tano, zilizofungwa pamoja kama kuni katika tita. Mahali pa hadithi hizo aghalabu ni nyumba moja kuukuu, na nyumba ipendwayo sana ni hoteli. Mgeni huingia jioni, hupewa ufunguo, hupanda ngazi. Na kabla ya mapambazuko huwa ameona jambo ambalo hakulitazamia.

Makala haya yanakusudia kueleza filamu za namna hii zilitoka wapi, kwa nini hoteli ilipendwa kuliko majumba mengine, na kwa nini watengenezaji wenye mfuko mdogo ndio walioishika kazi hiyo. Hatuandiki ili kuthibitisha kwamba mizuka ipo, wala ili kuwacheka wanaoiamini. Historia hutaka kujua ni nini kilichowatisha watu katika zama fulani, na kama woga ule uliwafaa ama uliwadhuru.

Desturi ya kuzifunga hadithi nyingi ndani ya hadithi moja ni kongwe kuliko sinema kwa mamia ya miaka. Msomaji wa Kiswahili anaijua tangu utotoni, maana nani asiyesikia habari za Alfu Lela Ulela? Shahrazadi anamsimulia mfalme hadithi usiku baada ya usiku ili asiuawe asubuhi. Hadithi yake mwenyewe ni kama mama, na zile anazozisimulia ni watoto. Tukiiondoa hadithi mama, watoto hutawanyika, wala hatujui tena kwa nini wamekusanywa. Lakini ikiwapo, kila hadithi fupi hupata uzito, maana msikilizaji hukumbuka kwamba roho ya mtu imo katika mizani.

Huko Uingereza nako mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki katika mwaka 1400, alitumia ufundi uo huo. Yeye hakuchagua jumba la mfalme, alichagua nyumba ya wageni. Mahujaji wapatao 30 wanakutana katika nyumba iliyoitwa Tabard, huko Southwark, kusini ya mto Thames, wakiwa safarini kwenda kuzuru kaburi la Thomas Becket katika mji wa Canterbury. Mwenye nyumba anawashauri wasimulie hadithi njiani, na atakayeshinda atalishwa karamu kwa gharama ya wenzake watakaporudi. Mle ndani yumo askari wa farasi, msagaji nafaka, mtawa, mwanachuoni na mpishi. Watu hao wasingaliketi meza moja mahali pengine popote. Nyumba ya wageni ndiyo iliyowaweka pamoja.

Hapo twaona sababu ya kwanza ya hoteli kupendwa na wasimulizi. Katika nyumba ya mtu binafsi tunawajua wanaokaa: baba, mama, watoto, na jamaa waliokuja kutembea. Lakini katika hoteli hukutana watu wasiojuana, kila mmoja na mzigo wake na siri yake, nao wametengwa na ukuta mwembamba tu. Sababu ya pili ni kwamba kila chumba kimelaliwa na wengi kabla yetu. Kitanda kile kile kimepokea bwana harusi, mgonjwa, mkimbizi na mwizi. Shuka zimefuliwa, lakini habari zao hazikuandikwa popote ila majina katika daftari la wageni, na pengine majina yenyewe ni ya uwongo. Sababu ya tatu ni nyepesi kabisa: vyumba vya hoteli vina namba. Msimulizi akitaka hadithi nne, hufungua milango minne.

Sinema ilipozaliwa haikukawia kuingia hotelini. Onyesho la ndugu Lumière ambalo watu walilipa fedha ili kulitazama lilifanyika Paris tarehe 28 Desemba 1895. Miongoni mwa waliolishuhudia alikuwamo Georges Méliès, mwana mazingaombwe aliyekuwa na ukumbi wake mwenyewe mjini humo. Katika 1897 alitengeneza filamu ya dakika mbili hivi iliyoitwa L'Auberge ensorcelée, yaani nyumba ya wageni iliyorogwa. Msafiri anaingia chumbani akiwa amechoka na kutaka kulala. Mshumaa unahama, nguo zinaruka, viatu vinatembea vyenyewe, na kitanda kinatoweka. Mwishowe maskini yule anakimbia. Hakuna mzuka uonekanao katika filamu ile, wala haukuhitajiwa. Méliès aliisimamisha kamera, akaondoa kitu, kisha akaiendesha tena. Na vingine alivivuta kwa nyuzi. Chumba chenyewe kilikuwa kitambaa kilichopakwa rangi. Basi filamu ya hoteli yenye mizuka ilianza ikiwa kazi ya mtu mmoja mwenye ustadi mwingi na vifaa vichache.

Baada ya miaka 10, katika 1907, J. Stuart Blackton wa kampuni ya Vitagraph huko Marekani alitoa filamu iliyoitwa The Haunted Hotel. Hapo kisu kilionekana kikikata chakula bila ya mkono wa mtu, na kinywaji kikajimimina chenyewe kikombeni. Alipiga picha moja, akakisogeza kisu kidogo, akapiga picha nyingine, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Watazamaji wa Ulaya walistaajabu, na mafundi wa huko walitafuta kwa bidii namna ilivyofanywa. Mwaka uliofuata Segundo de Chomón, Mhispania aliyefanya kazi kwa kampuni ya Pathé, alitoa filamu ya hoteli inayoendeshwa kwa umeme. Mizigo inajipanga, brashi zinasugua viatu, nywele zinachanwa bila kinyozi. Kisha mlevi anaichezea mitambo, na vitu vyote vinaingia wazimu. Tazama jinsi zama zilivyobadilika katika mwaka mmoja tu: kazi ya pepo imekabidhiwa umeme. Mambo ni yale yale na hofu ni ile ile, ila jina la mkosaji limegeuka. Watu wa miaka ile walikuwa wakiletewa nguvu mpya majumbani mwao, wala hawakuwa na yakini kama wataitawala au itawatawala.

Filamu hizo zilikuwa za kuchekesha zaidi kuliko kuogofya. Woga wa kweli uliingia baada ya Vita Kuu ya kwanza. Katika 1919 mwongozaji Richard Oswald alitoa huko Ujerumani filamu iitwayo Unheimliche Geschichten, yaani hadithi za kuogofya. Ilikuwa na hadithi tano, na wachezaji wale wale watatu, Conrad Veidt, Anita Berber na Reinhold Schünzel, walibadilisha mavazi na kucheza katika zote. Hadithi mama imewekwa katika duka la vitabu vikuukuu. Usiku ukiingia, picha tatu za ukutani, yaani Shetani, Mauti na Malaya, zinashuka kutoka katika fremu zao na kusoma vitabu. Kila wanachosoma kinakuwa hadithi mbele ya macho yetu. Twaweza kuona ustadi wa matumizi: wachezaji watatu wametosha kwa hadithi tano, na duka moja limetosha kuziunganisha.

Mojawapo ya hadithi hizo inatokea hotelini, nayo inastahili kuangaliwa kwa makini. Mwanamume na mwanamke wanafika hotelini pamoja na kupewa vyumba viwili. Mwanamume anatoka kwenda kustarehe mjini. Anaporudi usiku, chumba cha mwenzake ni kitupu. Anauliza, naye anajibiwa kwamba alikuja peke yake. Kila mtumishi anamwambia vivyo hivyo, hata karibu apotewe na akili. Mwisho anaelezwa ukweli: mwanamke yule alikufa kwa tauni, maiti yake imeondolewa kwa siri, na watu wote wameagizwa kukana kwamba aliwahi kuwapo, ili mji usiingiwe na hofu.

Hapana mzuka hapa, lakini ni hadithi ya kutisha kuliko nyingi zenye mizuka. Kumbuka mwaka ulikuwa 1919. Homa kuu ya mafua iliyoanza katika 1918 ilikuwa imeua mamilioni ya watu ulimwenguni, na ilifika hata Mombasa katika mwaka huo. Serikali nyingi zilizokuwa vitani zilizuia magazeti kuandika habari zake kwa wingi, zisije zikawavunja moyo askari na raia. Hispania haikuwa vitani, na magazeti yake yaliandika wazi. Ndiyo maana ugonjwa ukapewa jina la Hispania, ingawa haukuwa wa nchi hiyo peke yake. Waliosema kweli ndio waliobandikwa aibu. Siwezi kudai kwamba Oswald alikusudia kuihubiri habari hiyo, kwa kuwa kisa chenyewe kiliandikwa na mtu mwingine. Lakini mtazamaji wa Berlin aliyezika jamaa yake mwaka uliopita, huku magazeti yakinong'ona, hakuhitaji kufafanuliwa. Wahenga wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hoteli ile iliweza kumficha maiti mmoja, lakini haikuweza kumficha mwanamume aliyekuwa akiuliza maswali.

Filamu kama hiyo iliwezekana kwa sababu ya nafasi ndogo iliyofunguka katika historia. Mnamo Novemba 1918 serikali mpya ya Ujerumani ilifuta ukaguzi wa filamu, na ukaguzi haukurudishwa mpaka sheria ya Mei 1920 ilipotungwa. Oswald aliitumia nafasi hiyo. Baadaye, chama cha Nazi kiliposhika utawala katika 1933, yeye aliyekuwa wa jamaa ya Kiyahudi ilimlazimu kuihama nchi, na Veidt naye aliondoka. Watu waliowaogofya wenzao kwa hadithi walikimbia kitisho ambacho hakikuwa hadithi.

Uingereza nayo ilifunga mlango wakati wa vita vya pili. Tangu 1942 hata 1945 wakaguzi wa huko hawakuruhusu filamu za kutisha zilizowekewa alama maalumu ya kuwazuia watoto. Ilidhaniwa kwamba watu wanaoangukiwa na mabomu wana hofu ya kutosha. Vita vilipokwisha, studio ya Ealing, London, ilitoa katika Septemba 1945 filamu iitwayo Dead of Night, yaani usiku wa manane. Nayo ni mkusanyo wa hadithi tano, na waongozaji wake walikuwa wanne: Alberto Cavalcanti, Charles Crichton, Basil Dearden na Robert Hamer.

Hadithi mama ya filamu hiyo ni fundi wa kuchora majumba anayealikwa katika nyumba moja ya shamba. Anapofika anatambua kwamba amekwisha kuiota nyumba ile na wageni wote waliomo. Wageni wanasimulia kila mmoja ajabu lililompata, na daktari wa akili aliyemo anajitahidi kuyafafanua yote kwa elimu yake. Mmoja ni mwendeshaji wa magari ya mashindano. Akiwa hospitalini anaota kwamba dereva wa gari la kuchukulia maiti anamwambia nafasi ya mtu mmoja imebaki. Siku chache baadaye anataka kupanda basi, na utingo wake ana uso ule ule na maneno yale yale. Mtu yule anakataa kupanda, na mara basi linatumbukia kutoka darajani. Hadithi nyingine, iliyotokana na kisa cha H. G. Wells, ni ya kuchekesha, na iliwekwa makusudi ili watazamaji wapumue kabla ya ile ya mwisho. Hiyo ya mwisho ni ya mwana michezo na mwanasesere wake wa kusemesha, aliyechezwa na Michael Redgrave, na wengi walioitazama hawakuisahau.

Fikiria waliokuwa wameketi gizani kuitazama filamu hiyo. Kwa miaka sita walikuwa wameishi katika bahati: huyu alikwenda kazini kwa njia nyingine akapona, yule alirudi nyumbani kuchukua kofia akafa. Swali la basi lile lilikuwa swali lao wenyewe. Kwa nini mimi nimebaki? Filamu haikuwajibu. Iliwapa tu nafasi ya kuliuliza swali hilo wakiwa pamoja, kisha wakatoka nje wakaenda zao. Nadhani hilo ni jambo la maana, na huenda ndilo jambo jema kupita yote ambalo hadithi ya mizuka imewahi kuwafanyia watu.

Filamu hiyo inafundisha pia jinsi hadithi mama ilivyo na nguvu. Ilipopelekwa Marekani, wauzaji waliona ni ndefu, wakakata hadithi mbili. Lakini mwishoni mwa filamu fundi yule anaingia katika jinamizi linalowakutanisha watu wa hadithi zote. Basi Wamarekani waliona sura ambazo hawakupata kuzijua, wakashangaa zimetoka wapi. Mwenye kuvunja nguzo moja asidhani paa halitajua.

Kisha kuna ajabu jingine. Filamu hiyo huishia pale ilipoanzia: fundi anaamka, anapigiwa simu, na anaiendea tena nyumba ile ile. Wanasayansi watatu wa Cambridge, Fred Hoyle, Thomas Gold na Hermann Bondi, waliitazama pamoja, na kwa masimulizi ya Hoyle mwenyewe, mwendo huo usio na mwanzo wala mwisho ulimfanya Gold aulize kama ulimwengu nao hauwezi kuwa hivyo. Katika 1948 walitangaza nadharia yao kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Baadaye, kwa ushahidi uliopatikana katika 1965 na mwingine, wataalamu wengi waliiacha. Lakini haidhuru, nadharia iliyokosea kwa uangalifu huwafundisha watu, nayo ilichochewa na filamu ya mizuka ambayo wengine wangaliiita upuuzi.

Sasa tuje kwenye fedha. Milton Subotsky, Mmarekani aliyefanya kazi Uingereza, aliipenda mno Dead of Night. Yeye na mwenzake Max Rosenberg walikuwa na kampuni ndogo iliyoitwa Amicus, na kati ya 1965 na 1974 kampuni hiyo ilitoa mikusanyo saba ya hadithi za kutisha. Ya kwanza, Dr. Terror's House of Horrors, iliyoongozwa na Freddie Francis, haikuhitaji hata nyumba: wasafiri watano wameketi katika behewa la gari moshi, na mzee mmoja anawapigia ramli ya karata, kila mtu na hadithi yake. Katika The House That Dripped Blood ya 1971, nyumba moja inapangishwa kwa watu mmoja baada ya mwingine, na kila mpangaji anapatwa na balaa. Katika Asylum ya 1972, daktari kijana anapelekwa chumba kwa chumba katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na kila mlango una kisa chake.

Mwanafunzi wa hesabu ataielewa biashara hii mara moja. Mchezaji mashuhuri hudai fedha nyingi kwa miezi miwili, lakini kwa siku chache atakubali kidogo. Hadithi ikiwa fupi, siku hizo chache zatosha. Kwa hiyo kampuni maskini iliweza kuandika majina makubwa matano katika tangazo lake, kama vile Peter Cushing na Christopher Lee, ingawa haikuweza kumlipa hata mmoja wao kwa filamu nzima. Nyumba moja ilitumika kwa hadithi zote, kwa kubadili mapazia na meza. Tena hadithi moja ikiwa mbovu, mtazamaji hungoja dakika 20 tu, akaletewa nyingine. Hivyo ndivyo umaskini ulivyoipa filamu umbo lake. Wazee walisema, usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.

Hata hivyo filamu za kiselema zaweza kuwa na moyo. Katika Tales from the Crypt ya 1972 iko hadithi ya mzee mzoa taka aliyefiwa na mkewe, mpole, apendaye kuwapa watoto wa jirani vitu vya kuchezea. Jirani zake matajiri wanaona nyumba yake inaharibu sura ya mtaa. Wanamfitini, wanamwondolea mbwa wake, wanawatenga watoto naye, kisha wanamletea kadi za matusi mpaka mzee anajitoa uhai. Baada ya mwaka anafufuka kaburini kulipiza. Mzee huyo alichezwa na Peter Cushing, ambaye mkewe mwenyewe alikuwa amefariki katika Januari 1971. Mle ndani ya filamu ya bei rahisi, iliyojaa damu ya rangi, mjane wa kweli anazungumza na mke asiyekuwapo, nasi tunanyamaza. Mzuka wa mwisho ni wa kuigiza. Simanzi haikuwa ya kuigiza.

Hoteli nayo haikusahauliwa. Katika 1974 mwandishi Stephen King alilala katika Stanley Hotel huko Estes Park, Colorado, iliyofunguliwa katika 1909. Alifika hoteli ikikaribia kufungwa kwa majira ya baridi, na kumbi zilikuwa tupu. Kutokana na usiku huo aliandika The Shining, kitabu kilichotoka 1977, na Stanley Kubrick akakifanya filamu katika 1980. Kubrick alikuwa na fedha: alijenga sehemu za ndani za hoteli yake katika studio huko Uingereza. Lakini angalia walivyofanya wenye kidogo. Mwongozaji Ti West, alipokuwa akitengeneza filamu nyingine, alikaa na wafanyakazi wake katika Yankee Pedlar Inn, hoteli ya tangu 1891 katika mji wa Torrington, Connecticut. Waliona hoteli yenyewe ni hadithi. Walirudi na kamera, wakapiga picha humo humo walimolala, na katika 2011 ikatoka The Innkeepers, habari ya watumishi wawili wanaolinda hoteli katika siku zake za mwisho kabla ya kufungwa.

Kati ya zote zilizotajwa, ile inayokusanya kwa uzuri hoteli, hadithi kadha na mzuka ni Mystery Train ya Jim Jarmusch, iliyotolewa katika 1989. Hii si filamu ya kutisha. Hoteli iliyochakaa katika mji wa Memphis inapokea usiku mmoja wageni wa makundi matatu: vijana wawili kutoka Yokohama, mjane wa Kiitalia anayesafirisha jeneza la mumewe kwenda Rumi, na wanaume watatu wanaokimbia baada ya kufanya kosa kubwa. Kila chumba kina picha ya mwimbaji Elvis Presley, aliyefariki katika mji huo mwaka 1977. Kila hadithi inasimuliwa peke yake, lakini wimbo ule ule unasikika redioni katika zote, na asubuhi mlio ule ule wa bastola. Ni mtazamaji peke yake anayejua, mwishowe, mlio ule umetoka chumba gani. Wageni walilala chini ya paa moja wala hawakujuana. Na mzuka? Ni wa Elvis mwenyewe. Unamtokea mjane usiku, unatahayari, unaomba radhi kwamba pengine umekosea mahali, kisha unatoweka. Haukuja kulipiza kisasi. Umepotea njia tu, kama wageni wengine wa hoteli ile.

Yapo makosa ambayo lazima tuyataje kwa haki. Filamu nyingi za mikusanyo hurudia kanuni moja: mtu mwovu anatenda uovu, na baada ya dakika 20 anaadhibiwa na maiti. Kijana akizoea mafunzo hayo aweza kudhani kwamba haki hujileta yenyewe, na kwamba mdhulumiwa hana haja ya hakimu wala ya shahidi, maadamu kaburi lipo. Sivyo. Mzee mzoa taka angalipata nafuu kwa jirani mmoja aliyethubutu kusema kweli akiwa hai. Tena filamu kama Asylum ziliwafanya wagonjwa wa akili kuwa vitisho, hali wao ni watu wanaohitaji matibabu na heshima. Haya hayafai kufichwa kwa sababu tu filamu imetupendeza.

Lakini kosa la wengine ni kuzidharau filamu hizi zote bila kuzipima. Tumeona kwamba hoteli ya 1908 ilieleza hofu ya umeme, ya 1919 hofu ya ugonjwa uliofichwa, na nyumba ile ya 1945 majonzi ya waliosalia. Mwanahistoria akitaka kujua serikali zilisema nini, atasoma hotuba. Akitaka kujua watu waliogopa nini baada ya kuzima taa, itampasa atazame mahali pengine, na filamu rahisi ni mahali pamojawapo. Watu waliotunga haraka, kwa fedha kidogo, mara nyingi hawakupata wasaa wa kuficha mawazo ya zama zao.

Méliès, aliyeanza yote haya, alifilisika. Katika 1923, kwa uchungu, alizichoma nakala asili za filamu zake, na baadaye aliuza vitu vya watoto katika kiduka cha stesheni ya Montparnasse. Katika filamu zaidi ya 500 alizotengeneza, zilizosalia ni kama 200. Ile ya nyumba ya wageni imo miongoni mwao. Msafiri yule angali anaingia chumbani, na viatu vyake vingali vinatembea, ingawa kila aliyeifanyia kazi amekufa zamani.

Mwanafunzi, siku utakapoitazama filamu ya namna hii, itazame kwa maswali. Uliza hadithi mama ni ipi, na ingeanguka namna gani kama ingekatwa. Uliza ni nani aliyefichwa katika hoteli ile, na nani anapata faida akifichwa. Uliza fedha zilikuwa ngapi na zilitumiwa wapi. Na kama nawe unataka kusimulia, usingoje kupewa jumba la kifalme. Nyumba moja ya zamani, milango mitatu na watu wasiojuana vilimtosha Chaucer kuanzia, navyo vitakutosha wewe.